Mche Uliokaa Mno Katika Kiriba

Mkulima anayepanda miti ya kudumu kwa mara ya kwanza huutazama mche kwa juu. Akiona majani ya kijani na shina lililonyooka, huridhika kwamba amepata mche mzuri. Hata hivyo sehemu kubwa ya mche huo imo gizani, ndani ya kiriba cha nailoni, na sehemu hiyo ndiyo itakayoamua kama mti utasimama kwa miaka mingi au utadumaa na kuanguka kabla ya kulipa gharama zake. Katika makala haya tutaeleza jinsi mizizi inavyojisokota ndani ya kiriba, sababu za kasoro hiyo kutojirekebisha yenyewe shambani, na hatua ambazo mkulima aliye mgeni katika kazi hii anaweza kuzichukua siku ya kupandikiza. Tutautumia mbuni kuwa mfano. Mkulima wa kahawa hungoja takriban miaka 3 kabla ya kuchuma mavuno yake ya kwanza; kwa hiyo kosa la siku moja laweza kumpotezea miaka hiyo yote.

Jinsi mzizi unavyokua

Mzizi haurefuki mahali pote kwa pamoja kama mpira unaovutwa. Kazi ya kurefuka hufanyika katika sehemu fupi sana, milimita chache tu nyuma ya ncha. Ncha yenyewe imefunikwa na kofia ya chembechembe hai zinazoilinda inapopenya udongoni. Baadhi ya chembechembe za kofia hiyo zina punje nzito za wanga. Punje hizo hutua upande wa chini, na kwa njia hiyo mzizi hutambua mvutano wa dunia unakoelekea. Mwaka 1880 Charles Darwin, akisaidiwa na mwanawe Francis, alichapisha kitabu kuhusu mijongeo ya mimea, ambamo alieleza kwamba ncha ya mzizi ndiyo inayohisi mvutano huo na kuiongoza sehemu iliyo nyuma yake ipinde.

Mzizi mkuu wa mbuni uliotokana na mbegu hutaka kwenda chini moja kwa moja, na mizizi ya pembeni hutaka kutawanyika. Ndani ya kiriba hali ni nyingine. Ncha ikigonga ukuta laini wa nailoni, haiwezi kuutoboa wala kurudi nyuma, bali huufuata. Na kwa kuwa kiriba ni cha mviringo, kuufuata ukuta ni kuzunguka. Mzizi mkuu nao ukifika chini hupinda na kujikunja kama kamba iliyotiwa ndani ya debe.

Kwa nini kasoro hudumu

Watu wengi hudhani kwamba mizizi ikishapata udongo mpana itajinyoosha. Ni kweli kwamba ncha mpya zinaweza kutoka na kuelekea nje, lakini sehemu iliyokwisha kukua haibadili umbo lake. Mzizi mchanga ni laini na hupindika bila taabu; ukikomaa huwa mgumu kama kijiti, kisha huendelea kunenepa mwaka hadi mwaka palepale ulipo. Pete iliyokuwa nyembamba kama uzi siku ya kupanda huja kuwa nene kama kidole. Mizizi iliyopishana hubanana. Mzizi uliolizunguka shina hulikaba kadiri vyote viwili vinavyonenepa, na njia za kupitishia maji na chakula husongwa.

Matokeo yake hujitokeza polepole. Mti hudumaa, na wakati wa kiangazi hunyauka mapema kuliko jirani zake. Aidha, mti ambao mzizi wake mkuu haukuzama hauna nanga ya kutosha. Upepo mkali ukivuma wakati udongo umelowa, huinama au hung'oka. Mkulima huweza kulaumu ukame, mchwa au mbegu, kumbe chanzo kilikuwamo kiribani tangu siku aliyoununua mche.

Dalili za kutazama

Mche uliokaa mno huonyesha dalili kadhaa. Mizizi hutokeza kwenye matundu ya chini ya kiriba na kujishika ardhini. Kiriba kikibonyezwa kwa vidole huwa kigumu. Maji ya kumwagilia hupita upesi kandokando bila kulowesha katikati, na mche hunyauka tena muda mfupi baada ya kumwagiliwa. Majani ya chini huanza kuwa ya manjano na kimo hakiongezeki.

Dalili hizi zaweza pia kuletwa na ugonjwa au upungufu wa mbolea. Njia ya hakika ni kupasua kiriba kimoja au viwili na kutazama. Ukiona udongo mwingi na mizizi michache myeupe ukingoni, mche uko katika hali njema. Ukiona mkeka wa mizizi iliyozunguka na udongo kidogo tu, wakati umepita.

La kufanya siku ya kupandikiza

Mwagilia miche siku moja kabla, ili donge la udongo lishikamane na mche uwe umejaa maji. Asubuhi na mapema, jioni au siku ya mawingu, pasua kiriba kwa wembe kutoka juu hadi chini na ukiondoe chote. Usiuvute mche kwa kushika shina.

Ikiwa mizizi imeanza tu kuzunguka, ilegeze kwa vidole na kuielekeza nje. Ikiwa imefanya mkeka, chukua kisu kikali kilicho safi, kata kipande cha chini cha donge chenye unene wa sentimita 2 hivi, kisha pitisha kisu kutoka juu hadi chini katika sehemu 3 au 4 za ubavuni, kwa kina cha sentimita 1. Hapa ndipo mkulima mgeni husita, akiona kwamba anauumiza mche. Lakini ncha ya mzizi, inapokuwapo, huzuia mizizi ya pembeni iliyo karibu nayo isichipuke. Ikikatwa, kizuizi hicho huondoka, na mizizi mipya huchipuka nyuma ya jeraha ikielekea kwenye udongo ulio wazi. Jeraha dogo la leo ni bora kuliko kitanzi cha kudumu.

Mche uliokatwa mizizi hunywa maji machache kwa muda. Kwa hiyo shimo liwe limechimbwa mapema. Kwa mbuni, kipimo kilichozoeleka ni sentimita 60 kwa upana na kwa kina, na udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Mbolea kali ya chumvichumvi isigusane na majeraha. Shingo ya mche, yaani pale shina linapokutana na mizizi, iwe sawa na uso wa ardhi. Shindilia kwa upole ili pasibaki mapengo ya hewa, mwagilia, weka matandazo bila kuyagusisha na shina, na uupe mche kivuli chepesi. Usiyapukutishe majani mengi, kwa sababu hayo ndiyo yanayotengeneza chakula cha kukuzia mizizi mipya.

Utaratibu huu haufai kwa mimea yote. Mnyanya huvumilia sana, kwani shina lake likifukiwa hutoa mizizi mingine. Mpapai, kinyume chake, huchukia mizizi yake kuguswa. Dawa yake ni kuupanda ungali mdogo.

Mche wa kuacha

Iko kasoro moja ambayo kisu hakiitibu. Mzizi mkuu ukiwa umepinda kama ndoana karibu na shingo, na umekwisha kuwa mgumu, mche huo usipandwe. Kasoro hii huanzia siku mche mchanga ulipotolewa kwenye tuta la mbegu na kusukumizwa ndani ya kitundu kifupi, ncha yake ikageukia juu. Huzuilika kwa kuhamisha miche ikiwa bado midogo, kutoboa tundu refu la kutosha kwa kijiti, na kupunguza ncha ya mzizi uliorefuka mno.

Kinga iko kitaluni na katika kalenda

Mara nyingi miche hukaa mno si kwa uzembe wa kumwagilia bali kwa hesabu mbaya ya majira. Mbegu ya kahawa huchukua wiki 6 hadi 8 hivi kuota, na mche huhitaji miezi mingine kadhaa kiribani. Katika miteremko ya Kilimanjaro, mkulima aliyekosa masika anaweza kungojea vuli. Mbozi au Mbinga, ambako mvua ni za msimu mmoja, anayekosa msimu hungoja karibu mwaka mzima, na mizizi haingoji pamoja naye. Basi hesabu ianzie kwenye mvua na kurudi nyuma hadi siku ya kusia mbegu. Mvua zikichelewa, miche ihamishiwe katika viriba vikubwa zaidi kabla mizizi haijaanza kuzunguka.

Kitaluni, viriba viinuliwe mara kwa mara na mizizi inayotokeza chini ikatwe. Njia nyingine ni kuviweka juu ya chanja, hewa ipite chini yake. Ncha inayofika kwenye tundu hukaushwa na hewa, na mche hujaza mizizi mingi mifupi badala ya mmoja mrefu unaozunguka.

Mwenye kununua miche naye ana wajibu wake. Kabla hajalipa, amwombe mwenye kitalu ruhusa ya kupasua kiriba kimoja, naye akilipie. Bei ya mche mmoja ni ndogo mno ikilinganishwa na miaka 3 ya kupalilia mti usioweza kusimama.