Sainasi: Hesabu Siku Kabla ya Kununua Vidonge

Baridi ya Juni na Julai ikishika, mazungumzo kwenye dirisha la duka la dawa huwa mafupi: "Kaka, uso unaniuma, kamasi zimekuwa za kijani. Nipatie amoksilini." Anapewa, analipa, anaondoka. Mara nyingi dawa hiyo haimsaidii kitu, kwani kilichompata ni virusi vya mafua, na antibayotiki haziui virusi.

Rangi ndiyo inayowapoteza wengi. Ukijani hutokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana puani, nazo hufika hata adui akiwa kirusi.

Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso: kwenye paji, katikati ya macho, nyuma ya pua na mashavuni. Vya mashavuni ndivyo vikubwa, na tundu lake la kutolea ute liko juu. Ute haushuki wenyewe. Vinyweleo vidogo mno huusukuma upande juu hadi kwenye tundu. Mafua yakivimbisha utando, tundu huziba, ute hutuama, na uso huwa mzito, hasa ukisujudu au ukiinama kufunga viatu.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kufungua njia. Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya mililita 250. Inamia sinki, laza kichwa upande, hema kwa mdomo, kisha sukuma maji polepole kwa bomba la sindano, lisilo na sindano yenyewe, kwenye tundu la pua la juu. Yatatokea tundu la pili pamoja na kamasi zilizoshindikana kupengwa. Maji yasiyochemshwa kamwe usiyatumie. Nyungu huliwaza, ila mtoto asifunikwe juu ya sufuria ya moto, ataungua. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku tano, la sivyo pua huzoea na kuziba zaidi.

Siku 10 zikipita bila nafuu, au ukapata nafuu kisha homa na maumivu yakarudi kwa nguvu, huenda bakteria wameingia. Hapo daktari ndiye aamue kuhusu antibayotiki. Jicho likivimba, ukaona vitu viwili viwili au shingo ikakakamaa, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Na ukiumwa upande mmoja tu, wenye harufu mbaya, mwone daktari wa meno. Mizizi ya magego ya juu imepakana na chumba cha shavu, na jino lililooza huweza kupenyeza usaha humo.