Sukari Umeacha, Je, Magadi?



Katika vikundi tunavyotembelea, kuanzia Kitengela na Kajiado mpaka kule Magadi, tumeona jambo moja. Mama akiambiwa ana ugonjwa wa sukari, anaacha sukari kwa chai, basi. Anaona amemaliza. Kumbe githeri imepikwa na magadi, mboga imezama kwa mafuta, na chumvi inaongezwa tena mezani. Siku moja tunaitwa kumpeleka hospitali miguu imefura, anaambiwa ni figo, na hakuwahi kusikia uchungu wowote huko nyuma.

Inakuwaje? Sukari ikizidi kwa damu siku baada ya siku, inaumiza mishipa kwa ndani. Mwili unafanya kama ukidungwa na mwiba: unatuma askari wake, na mahali pale panafura na kuwaka moto. Mwiba ukitolewa, uvimbe unaisha. Lakini sukari hii haitoki, kwa hiyo uvimbe wa ndani unaendelea polepole kwa miaka. Mafuta ya mgando, vitu vya kukaangwa, soda na mandazi vinauchochea. Mishipa inakuwa migumu na myembamba, presha inapanda, moyo unachoka. Figo nazo, ambazo ni kama chujio la matundu madogo sana, zinaanza kupitisha protini kwenye mkojo.

Akina mama wako hatarini zaidi. Kabla ya kukoma hedhi, kwa kawaida mwanamke hapati ugonjwa wa moyo mapema kama mwanamume. Ugonjwa wa sukari unamnyang'anya kinga hiyo. Tena moyo wake unaweza kushikwa bila yale maumivu makali ya kifua: anachoka ghafla, anakosa pumzi, anasikia kichefuchefu au uchungu wa mgongo na taya, na nyumbani watu wanasema ni malaria. Akifika hospitali amechelewa.

Sasa tuje kwa magadi yenyewe. Ziwa liko hapa, na jikoni tunayajua kama ya kulainisha maharagwe. Hayana ladha ya chumvi, ndiyo sababu hakuna anayeyahesabu. Lakini karibu theluthi moja ya uzito wake ni sodiamu, ile ile iliyo kwenye chumvi, inayovuta maji mwilini na kupandisha presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Ukitia magadi, umeshapunguza kijiko chako kabla ya kugusa chumvi.

Wazee hutuuliza: mbona zamani tulikunywa maziwa na kula nyama bila kuugua? Ni swali la haki. Mwaka 1964, daktari Mmarekani George Mann na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wanaume Wamasai wa Tanganyika. Waliwakuta na kolesteroli ya chini na dalili chache za ugonjwa wa moyo. Lakini hao walitembea kutwa nyuma ya ng'ombe! Leo shamba limeuzwa, tunapanda bodaboda, na chakula ni ugali mlima mzima na chai ya sukari.

Basi jikoni, loweka maharagwe na mahindi usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Sukuma, managu na terere zijaze nusu ya sahani, ugali upungue. Usiache dawa ulizopewa. Angalau mara moja kwa mwaka omba mkojo upimwe protini na damu ipimwe figo, na presha ipimwe kila ukienda kliniki. Dawa za magoti kama diklofenaki na ibuprofeni usizinunue dukani ovyo, zinaumiza figo. Na ambaye figo zake zimeshaharibika aulize hospitali kwanza, maana hata mboga na maharagwe anaweza kupimiwa.

Kikundi kimoja kilijaribu kupika githeri namna hii kwenye mkutano wao. Iliiva. Lalamiko lilikuwa moja tu, kwamba inahitaji dania na kitunguu zaidi, na mkutano uliofuata walikuja navyo.