Fedha Kama Madini ya Pambo: Asili, Historia na Utunzaji Wake

Utangulizi

Huko Moiben, kwenye nyanda za ngano na mahindi karibu na mji wa Eldoret, neno fedha halikauki midomoni mwa watu. Mkulima hulitaja anaposubiri malipo ya mazao yake. Mwanariadha hulitaja anaporejea nyumbani na nishani ya nafasi ya pili. Bibi arusi naye hulitaja anapochagua pete. Watatu hawa hutumia neno moja, lakini ni nadra mtu kujiuliza kwa nini malipo, nishani na pete vikashirikiana jina. Swali hili si la wanaisimu peke yao. Asiyejua jibu lake anaweza kulipa bei ya fedha kwa kitu kisicho na chembe ya fedha, au akamwuzia mnunuzi wa vyuma vikuukuu bangili ya nyanya yake kwa sababu tu imegeuka nyeusi. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya neno lenyewe, historia ya madini haya katika Afrika ya Mashariki, na namna ya kuyatambua na kuyatunza.

Neno na Madini Yake

Neno fedha lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini meupe yang'aayo. Maana ya pili, yaani mali ya kununulia na kulipia, ilitokana na desturi ya kufua sarafu zenye thamani kwa madini hayo. Kiswahili si lugha pekee iliyopitia njia hii. Kwa Wafaransa, neno argent hubeba maana zote mbili, na katika nchi nyingi za Marekani ya Kusini neno plata hutumiwa vivyo hivyo. Hata rupia ni neno lenye mzizi wa Kisanskriti unaohusu fedha iliyofuliwa. Pesa, kwa upande wake, inatokana na paisa, sarafu ndogo ya shaba ya Bara Hindi. Kwa hiyo, hapo awali pesa ilikuwa shaba, na fedha ilikuwa fedha kwelikweli.

Fedha Katika Pwani ya Waswahili

Historia ya fedha katika upwa wa Afrika ya Mashariki ni ndefu. Mwaka 1984, wanaakiolojia waliofukua Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, walipata hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000. Nyingi kati yake zilikuwa na majina ya watawala wa hapa hapa pwani, nazo zilizikwa yapata karne ya 11. Hii inaonyesha kwamba wenyeji walijua kuifua fedha karne nyingi kabla ya meli za Wareno kufika.

Katika karne ya 19, sarafu iliyotawala biashara ya Unguja ilikuwa riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Sarafu hiyo iliendelea kufuliwa kwa karne mbili baada ya kifo chake, na daima ilichapwa mwaka huo huo wa 1780. Uzito wake ni gramu 28 na ushei, na sehemu 833 katika kila 1,000 ni fedha safi. Kwa kuwa uzito na usafi wake ulijulikana, mfua fedha wa Oman, Yemeni au Ethiopia aliweza kuiyeyusha bila shaka yoyote juu ya kile alichokuwa nacho mkononi.

Mapambo yaliyotokana na ufundi wa aina hii yalikuwa na majina yaliyohifadhiwa katika kamusi zetu kongwe. Furungu na mtali vilivaliwa miguuni, kekee ilivaliwa mkononi, na jasi lilitiwa kwenye ndewe ya sikio. Mapambo haya hayakuwa urembo mtupu. Katika sheria ya Kiislamu, mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe, na kilichogeuzwa pambo kilibaki kuwa mali yake. Njaa ilipoingia au ndoa ilipovunjika, mwanamke aliweza kuvua kikuku na kukiuza kwa uzani. Kwa lugha ya leo, alivaa akiba yake ya benki. Wanaume nao walikuwa na sababu yao ya kuithamini fedha, kwani dini iliwakataza kuvaa dhahabu lakini ikawaruhusu kuvaa pete ya fedha. Hadi leo mafundi wa Lamu wanajulikana kwa pete na vidani vya fedha vilivyopachikwa vigae vya vyombo vya kale vya kauri.

Kutoka Pwani Hadi Nyanda za Juu

Jamii za Wakalenjin wa nyanda za juu zilijipamba kwa shanga, ngozi, chuma na shaba. Fedha iliwafikia hasa ikiwa sarafu. Rupia ya India ndiyo iliyolipia vibarua wa reli na kodi ya kibanda, na kila rupia ilikuwa na takribani gramu 10.7 za fedha safi. Kisha thamani hiyo ikaanza kupunguzwa. Florini ya mwaka 1920 ilikuwa fedha kwa nusu tu. Shilingi ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, ilikuwa na robo ya fedha. Kufikia mwaka 1948, shilingi mpya zilikuwa za shaba na nikeli. Madini yaliondoka, jina likabaki.

Kwa sababu hiyo, sarafu kuukuu iliyo kwenye sanduku la nyanya haifai kutupwa kabla ya kusomwa mwaka wake. Rupia ya mwaka 1910 na shilingi ya mwaka 1950 huweza kufanana kwa uchakavu, lakini ya kwanza ni fedha na ya pili si fedha.

Leo hii fedha huonekana Uasin Gishu zaidi katika pete, mikufu, herini na nishani. Kipchoge Keino alirejea kutoka Mexico City mwaka 1968 na nishani mbili: ya dhahabu katika mita 1,500 na ya fedha katika mita 5,000. Huenda msomaji akashangaa kwamba nishani ya dhahabu ya Olimpiki nayo kwa kiasi kikubwa ni fedha. Nishani za dhahabu tupu zilitolewa kwa mara ya mwisho Stockholm mwaka 1912. Tangu hapo, mshindi hupewa fedha iliyopakwa dhahabu.

Kuitambua Fedha Halisi

Fedha safi ni laini mno kwa pambo la kila siku. Hivyo basi, huchanganywa na madini mengine, hasa shaba. Kiwango kinachotambuliwa kote duniani ni sehemu 925 za fedha katika 1,000, na ndiyo maana namba 925 hugongwa ndani ya pete au kwenye kifungo cha mkufu. Alama hiyo ni ushahidi, lakini si ushahidi kamili, kwa kuwa tapeli naye ana nyundo. Sumaku haivuti fedha. Pambo likivutwa, kiini chake ni chuma kingine. Lisipovutwa, bado halijathibitika, kwani shaba nayo haivutwi. Mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki huuzwa kwa jina la fedha ya Kijerumani, ilhali hauna fedha ndani yake, na nikeli huwawasha baadhi ya watu ngozini. Kwa kitu cha bei kubwa, ni heri kumwendea sonara akipime kwa jiwe na asidi.

Weusi na Maana Yake

Wapo wanaoamini kwamba fedha ikisawijika ni bandia, au kwamba inamtabiria mvaaji maradhi. Imani zote mbili hazina msingi. Weusi hutokea fedha inapokutana na salfa iliyo hewani, nayo ikafanya utando mwembamba juu yake. Salfa hiyo iko tele katika maisha ya mkulima: katika mvuke wa samadi, katika gesi ya kupikia itokanayo na kinyesi cha ng'ombe, katika mayai, vitunguu, sweta za sufu na mipira. Pete ya mkamuaji wa Moiben itawahi kusawijika kuliko ya karani wa benki, ingawa zote zimetoka kwa sonara mmoja.

Namna ya Kuitunza

Kinga ya kwanza ni kuivaa, kwa kuwa msuguano wa ngozi na nguo huizuia isisawijike upesi. Marashi na mafuta yatangulie, pambo lifuate. Na wakati wa kuvua, pambo litangulie. Livuliwe kabla ya kushika samadi au dawa ya kufulia yenye klorini. Lihifadhiwe mahali pakavu, ndani ya kifuko cha pamba kilichofungwa, mbali na sufu na mipira.

Kwa uchafu wa kawaida, maji vuguvugu, sabuni laini na kitambaa cha pamba vinatosha. Weusi ukizidi, bakuli litandikwe karatasi ya alumini ya kufungia vyakula, pambo liiguse karatasi hiyo, kisha yatiwe maji moto yaliyokorogwa na kijiko cha magadi ya kuokea. Salfa huiacha fedha na kuhamia kwenye alumini baada ya dakika chache. Njia hii isitumiwe kwa pambo lenye lulu, vito au gundi, wala kwa kazi ya kale ambayo weusi wa mifereji yake ndio unaoonyesha nakshi. Jivu, mchanga, dawa ya meno na sufi ya chuma hukwaruza. Kinachong'olewa hapo ni fedha yenyewe.

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Kuhusu fedha, ni vyema ikumbukwe pia kwamba kilichoacha kung'aa hakijaacha kuwa fedha. Anayeuza kikuku cheusi kwa bei ya chuma hupoteza mali aliyowekewa na waliomtangulia. Kikishayeyushwa, hupotea pia umbo lililokipa jina. Na maneno kama furungu na kekee hubaki kamusini bila kitu cha kuonyeshwa mtoto anayeuliza maana yake. Kwa hiyo, pambo kuukuu lipimwe na sonara kabla ya kuuzwa, na mwenye kulirithi aulize jina lake kwa wazee wangali hai.