Kabla ya Kusema Mota Imeungua

Mashine za kufulia za mapipa mawili, zile ambazo upande mmoja hufua na wa pili hukamua, nyingi zimegeuzwa makabati ya ndoo na viatu uani. Hukumu huwa ni ile ile: mota imeungua. Mimi huuliza kwanza kama kuna aliyefungua kifuniko cha nyuma akaangalia breki.

Pipa la kukamua lina mota yake chini, na kwenye shafti pana breki inayovutwa na waya uliofungwa kwenye mfuniko. Ukifunga mfuniko, waya huitenga pedi na gurudumu. Ukifunua, springi huirudisha ili pipa lisimame kabla hujaingiza mkono. Miaka ikipita waya hulegea. Pedi haiachii sawasawa, mota inazunguka huku imeshikwa, inapata moto na kutoa harufu. Mwenye mashine akinusa tu, basi. Kumbe dawa ni kuukaza waya hadi, mfuniko ukifungwa, uonekane mwanya mdogo kati ya pedi na gurudumu.

Pipa likinguruma bila kuzunguka, chomoa plagi, itenge pedi ya breki, ulizungushe kwa mkono. Likiwa jepesi, shuku kapasita. Nunua yenye maikrofaradi zile zile na volti zisizopungua za ile ya zamani. Lakini kapasita huweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa mfukoni mwako, kwa hiyo kabla ya kuishika gusisha ncha zake na nyaya mbili za balbu ya zamani ya waya, uimalize chaji.

Upande wa kufua ukizunguka kulia tu, bila kurudi kushoto, tazama taima. Nyingi ni za springi na vibati, hazina kompyuta ndani, na vibati vilivyopiga weusi husafishika kwa msasa laini.

Adui mkubwa ni raba. Ile inayokumbatia shafti ya pipa la kukamua ikichanika, maji hudondokea mota moja kwa moja. Mulika tochi kwa chini: mchirizi wa kutu kwenye shafti ndio ushahidi. Kwa anayefulia maji ya kisima yenye chumvi, kama wengi wetu Dar es Salaam, usingoje mchirizi huo. Ukishaifungua mashine, badilisha raba.

Mashine ya mtumba kutoka Japani ina lake. Kule umeme ni volti 100, hapa ni 230, hivyo bila transfoma inaungua kweli. Tena Tokyo hutumia hezi 50 kama sisi, Osaka 60. Iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee huku itazunguka polepole na kupata moto zaidi. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa.

Mwisho, ule waya wa kijani unaoning'inia nyuma, ambao wengi huukata wakidhani umezidi, ni wa arthi. Uunge kabla ya kutia maji.