Vijana Wetu na Elimu ya Nguvu za Atomiki

Msafiri atokaye Tanga kwenda Moshi, afikapo Mombo, huiona milima ya Usambara imesimama mkono wake wa kulia na mkonge umetandaa mbele yake. Hapo ndipo ishukapo barabara ya Lushoto, na hapo ndipo yapitapo malori ya kabichi, nyanya na mapeasi yakienda mbio kabla jua halijayaharibu. Je, mji mdogo kama huo una shauri gani na nguvu za atomiki? Sisi twaona kwamba unalo, tena la karibu kuliko wengi wadhanivyo, na ndiyo maana tumependa kulieleza kwa wazazi wenye watoto wapendao hesabu na sayansi.

Neno atomiki likitajwa katika nyumba zetu, kwanza lakumbusha bomu. Hofu hiyo haikuzuka bure. Urani iliyotumika katika kutengeneza mabomu ya mwaka 1945, sehemu yake kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, katika nchi ya Katanga, na mikono ya Waafrika ambao hawakuambiwa yaenda kufanya nini. Lakini nguvu hiyo hiyo ina kazi nyingine, na mojawapo iliyo njema kabisa ilifanyika katika mkoa huu wetu wa Tanga.

Wafugaji wa Handeni na Pangani wamjua mbung'o. Humwuma ng'ombe, na ng'ombe akashikwa na nagana, akakonda, maziwa yakakauka, mwisho akafa. Katika mji wa Tanga kulianzishwa kituo cha kumchunguza mdudu huyo, na katika miaka ya 1970 wataalamu walifanya majaribio yao katika shamba la mifugo la Mkwaja. Shabaha yao ilikuwa ya ajabu kidogo: kumwangamiza mbung'o kwa mbung'o. Mbung'o jike kwa kawaida huoana na dume mara moja tu katika maisha yake, wala hatagi mayai mamia kama nzi wa jikoni, bali huzaa buu mmoja mmoja, kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Basi ikiwa dume wake wa kwanza ni tasa, jike huyo hatazaa tena. Na njia ya kumfanya dume awe tasa bila kumwondolea nguvu za kuruka na kutafuta jike ni kumpitisha katika mionzi kwa kipimo maalumu. Kikizidi, mdudu hufa au hudhoofika; kikipungua, huzaa. Hapo ndipo itakiwapo elimu.

Kazi kubwa ilikuja katika miaka ya 1990. Kisiwa cha Unguja kilikuwa na mbung'o wa aina moja tu, na bahari iliwazuia wengine wasiingie. Kwanza wadudu walipunguzwa kwa dawa, iliyopakwa juu ya ng'ombe na kutiwa katika vitambaa vilivyotundikwa porini. Kisha, tangu mwaka 1994, madume yaliyozalishwa Tanga na kupigwa mionzi huko huko yalisafirishwa hadi Unguja na kuachiliwa kutoka katika ndege ndogo, juma baada ya juma, hata idadi yao ikawa takriban milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwezi wa Septemba 1996, na mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilisaidia sana kwa fedha na maarifa. Lakini walioinuka alfajiri kuwalisha wadudu hao damu ya ng'ombe kupitia utando mwembamba, siku za kazi na siku za Idi, kwa kuwa mbung'o hajui sikukuu, walikuwa vijana wa Tanzania. Leo mama wa Unguja akiuza maziwa ya ng'ombe wa kisasa, kazi ile ya Tanga imo katika kibuyu chake. Twashangaa kwamba habari hii haisimuliwi zaidi mashuleni.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwezi wa Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Namtumbo, mkoani Ruvuma, mtambo wa majaribio wa kuchenjua urani katika mradi wa Mto Mkuju. Nchi yetu basi yaelekea kuwa muuzaji wa madini haya. Swali letu ni moja: je, tutauza urani jinsi tulivyouza mkonge?

Watu wa Mombo na Korogwe hawahitaji kufundishwa somo hili. Mkonge uliletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche elfu moja ilifika hai 62 tu, na kutoka kwa hiyo ikazaliwa mali ya nchi nzima. Mwaka 1964 tulitoa karibu tani 230,000. Singa zilipelekwa ng'ambo, na huko ndiko zilikosokotwa na kupata thamani. Zilipokuja kamba za nailoni, bei ilianguka, na sisi tukabaki na mashamba. Sehemu ya jani iliyokuwa singa haikufika hata asilimia 5. Iliyobaki ilitupwa, ikaoza kando ya korona. Mwaka 2008 ndipo ulipozinduliwa Hale mtambo wa kutoa umeme kwa gesi itokanayo na mabaki hayo. Takataka ilikuwapo kwa miaka zaidi ya mia moja. Kilichokosekana ni mtu aliyesoma, tena aliye na uthubutu wa kuifanya biashara. Hilo ndilo waliitalo siku hizi ubunifu na ujasiriamali, maneno marefu kwa jambo ambalo fundi mzuri wa kijijini analijua bila jina.

Mfano wa kutia hofu upo kwa jirani. Kinu cha kwanza cha atomiki barani Afrika kilianza kazi mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Kinshasa. Cha pili kikafuata mwaka 1972. Lakini matengenezo yalikosekana, fimbo mbili za fueli zikaibwa, moja ikaonekana Italia mwaka 1998, na mwaka 2004 kinu kikasimama. Mtambo waweza kununuliwa au kutolewa zawadi. Watu wa kuutunza hawanunuliwi.

Wenzetu wa Falme za Kiarabu, ambako ndugu zetu wengi wa pwani wanaishi, walifanya kwa mpangilio mwingine. Walitia saini mkataba na Wakorea. Ilikuwa Desemba 2009, na tangu hapo hadi kinu cha kwanza cha Barakah kilipotoa umeme mwaka 2020 ilipita zaidi ya miaka kumi. Miaka hiyo haikuwa ya kungoja. Walipeleka vijana wao kusoma, waume kwa wake, wala si wahandisi peke yao: walifundishwa pia mafundi wa stashahada, wa mabomba, wa umeme na wa vipimo. Leo vinu vinne vya Barakah vyatoa karibu robo ya umeme wa nchi ile.

Milango ya mafunzo kwa kijana wetu si michache. Ghana ina Skuli ya Sayansi za Nyuklia, iliyofunguliwa mwaka 2006, na hupokea wanafunzi wa nchi nyingine za Afrika. Mjini Trieste, Italia, kipo kituo alichokiasisi Profesa Abdus Salam wa Pakistan mwaka 1964, kusudi vijana wa nchi maskini wasikate tamaa ya sayansi. Yeye mwenyewe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Tangu mwaka 2010 kituo hicho, pamoja na Shirika la Kimataifa, huwafundisha vijana waliokwisha kuanza kazi namna ya kuendesha mambo ya nishati ya nyuklia: fedha, sheria, usalama na uongozi. Katika Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, mwaka 2016 wanafunzi walikusanywa majuma mawili kufundishwa jinsi ya kugeuza wazo la kinu kuwa kampuni. Na kwa mabinti upo ufadhili wa Marie Sklodowska-Curie, ulioanzishwa mwaka 2020, wa shahada ya pili. Mzazi amwambiaye binti yake kuwa fizikia ni ya wavulana amfungie mlango huo akijua afanyalo.

Wapo watakaouliza: akirudi, atafanya nini Mombo, pasipo kinu? Swali hilo ni la haki, nasi hatulipuuzi, maana tumewaona vijana wenye shahada wakikaa barazani. Lakini tusidhani kwamba kazi ya atomiki ni kinu tu. Kila mashine ya eksirei yahitaji kupimwa. Wagonjwa wa saratani hutibiwa kwa mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza, na mashine zile zataka mafundi. Sheria ya mwaka 2003 iliyounda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania yamtaka kila mwenye chanzo cha mionzi awe na kibali, na maabara za Tume zilizoko Arusha hupima vyakula. Na yale malori ya Lushoto? Huko Lasalgaon, nchini India, vitunguu hupitishwa katika mionzi visichipue ghalani, na maembe ya India yaliingia tena Marekani mwaka 2007 kwa njia hiyo hiyo. Chakula hicho hakiwi na sumu ya mionzi, kama vile mtu aliyepigwa eksirei asivyotoka akiwa anang'aa. Kijana wa Mombo aliyesoma angeweza kukaa na wakulima wa Soni na kupiga hesabu: mazao kiasi gani huharibika, mtambo wagharimu nini, na je, faida ipo? Huenda hesabu ikasema hapana. Hata hivyo ni afadhali isemwe na mtu aliyeipiga.

Jambo moja lisisahauliwe katika kuhimiza biashara. Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia, Brazili, watu wawili walichukua kichwa cha mashine ya matibabu iliyoachwa katika jengo tupu, wakakiuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga uliong'aa rangi ya samawati gizani. Watu wakagawana, watoto wakajipaka. Wanne walikufa, na 249 walikutwa wameingiwa na uchafu wa mionzi. Barabara yetu kuu ina wanunuzi wa chuma chakavu kutoka Segera hadi Same, nao hununua bila kuuliza. Alama ya mionzi ni mabawa matatu meusi katika uwanja wa manjano. Mwalimu aweza kuichora ubaoni kwa dakika moja, na mwanafunzi akaipeleka nyumbani jioni ile ile.