Allidina Visram na Bei ya Kitambaa Ufukweni mwa Ziwa

Mwishoni mwa karne ya 19, bei ya bidhaa iliyofika Mwanza ilitokana zaidi na njia iliyopitia kuliko na kiwanda kilichoitengeneza, kwa kuwa mpagazi wa msafara kutoka Bagamoyo alibeba kilo 30 hivi tu, naye alihitaji posho na ujira kwa safari nzima. Gharama hiyo aliielewa vyema Allidina Visram, Mwismailia wa Kutch, India, aliyefika Zanzibar mwaka 1863 akiwa kijana mdogo, akajifunza kazi kwa Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyeipatia misafara bidhaa na wapagazi.

Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Visram aliendeleza shughuli zake, lakini hakuzifunga kwenye mabega ya wapagazi. Kadiri Reli ya Uganda ilivyosonga kutoka Mombasa hadi kufika Kisumu mwaka 1901, ndivyo alivyofungua maduka kuifuata, kisha akatumia majahazi kuvusha mizigo ziwani, na kufikia mwaka 1904 matawi yake yalizidi 30. Mwanza yenyewe, ingawa ilitawaliwa na Wajerumani, ilipitishia biashara yake nyingi kwenye reli hiyo ya Waingereza, kwani ya kwake haikuifikia hadi mwaka 1928.

Mtaji wa maduka ya namna hii ulikuwa mali kauli, yaani bidhaa anazokabidhiwa muuzaji kwa ahadi tu, akazilipia baada ya kuziuza. Utaratibu huo wenye maduka wa Mwanza wa leo hawahitaji kufundishwa. Duka liliuza vitambaa vya marekani na kaniki, shanga na chumvi, na papo hapo likanunua ngozi, nta, karanga na ufuta, hivi kwamba chombo kilichopeleka vitambaa hakikulazimika kurudi kitupu, na nauli ikagawanywa kwa safari zote mbili. Hata hivyo, unafuu huo haukumfikia mnunuzi kila mahali, maana penye duka moja tu mwenye duka ndiye aliyepanga bei, mpaka jirani alipofungua la pili.

Visram alifariki mwaka 1916, na biashara iliyosimama juu ya jina lake na madeni aliyoyafahamu mwenyewe haikudumu mikononi mwa mwanawe Abdulrasul, ambaye ukumbusho alioutoa kwa baba yake ni shule iliyoko Mombasa.