Mwanamke Aliyekuwa Shekhe wa Mji wa Tunis

Huku kwetu pwani, neno "shekhe" halipewi kila mpita njia. Shekhe ni mwanachuoni aliyesoma akasomesha, au ni mzee aliyekabidhiwa watu wake, kama walivyokuwa mashekhe wa Thenashara Taifa hapa Mombasa. Basi mpenzi msomaji, hutastaajabu nikikwambia kuwa tarehe 3 Julai 2018, neno hilo liliuzusha mji wa Tunis, kule Afrika ya Kaskazini, mjadala mkubwa. Siku hiyo mwanamke alichaguliwa kuwa Shekhe wa mji.

Meya wa Tunis ana lakabu yake ya kale, Sheikh al-Madina, yaani shekhe wa mji. Baraza la mji huo liliundwa kwa amri ya Muhammad Bey tarehe 30 Agosti 1858. Tangu hapo ilipita miaka 160, na kiti hicho kilikaliwa na wanaume watupu. Aliyeivunja ada hiyo ni Bibi Souad Abderrahim.

Bibi huyu alizaliwa mwaka wa 1964, akasomea utaalamu wa madawa, na ndiyo kazi iliyompa riziki. Katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliojitosa katika chama cha wanafunzi. Utawala wa Ben Ali ulipoanguka Januari 2011, mlango wa siasa ukafunguka. Mwaka huo huo alichaguliwa kuingia katika Bunge la kutunga Katiba kwa orodha ya chama cha Ennahdha, chenye mwelekeo wa Kiislamu, akaongoza kamati ya haki na uhuru.

Watu walimtazama kwa macho mawili. Hakuvaa hijabu, na chama chake ni cha watu wa dini. Wakasema wengine kwamba amewekwa awe pambo la dirishani. Na alipotamka mwaka wa 2011 kwamba wanawake wanaozaa nje ya ndoa hawastahili ulinzi maalumu wa sheria, wanawake wenziwe wengi walimshutumu vikali. Naam, hakuwa mtu wa kupendwa na kila upande, na si haki kumchora kana kwamba alikuwa hivyo.

Tarehe 6 Mei 2018 Watunisia walipiga kura ya mabaraza ya miji, mara ya kwanza tangu mapinduzi ya 2011. Sheria ilitaka kila orodha ipange mwanamume na mwanamke kwa zamu, na kila chama kiweke wanawake vichwani mwa nusu ya orodha zake. Ndipo wanawake wakapata karibu asilimia 47 ya viti vya udiwani nchini. Mjini Tunis, orodha ya Bibi Souad ilipata viti 21 kati ya 60. Havikutosha. Ikabidi madiwani wapige kura mara mbili, na katika duru ya pili akamshinda Bwana Kamel Idir wa chama cha Nidaa Tounes kwa kura 26 kwa 22.

Hapa ndipo penye kisa. Kila mwaka, usiku wa 27 wa Ramadhani, Rais wa nchi huhudhuria hafla ya Lailatul Kadri katika Msikiti wa Zaituna, na ada ilikuwa Shekhe wa mji kuwa pamoja naye. Kabla ya uchaguzi, mkubwa mmoja wa Nidaa Tounes alisema haifai mwanamke kushika cheo hicho katika nchi ya Kiislamu, kwani hataweza kuwa msikitini usiku ule. Ajabu ya Musa! Nidaa Tounes ndicho chama kilichojinadi kuwa hakichanganyi dini na siasa, na waliomsimamisha mwanamke ni wale walioitwa washika dini.

Lakini mji wa Tunis wenyewe una historia ya kumjibu mzungumzaji huyo. Mmoja katika mawalii wake mashuhuri ni mwanamke, Bibi Aisha al-Manoubia, aliyefariki mwaka wa 1267. Mapokezi ya wenyeji yasema alichota elimu kwa Imamu Abul Hasan al-Shadhili, ambaye tarika yake ilifika hadi Ngazija na Kilwa. Na katika karne ya 17 aliishi Bibi Aziza Othmana, wa jamaa ya watawala, aliyeweka mali yake wakfu ili wagonjwa watibiwe, watumwa wakombolewe, na mabinti wa kimaskini wapate vyombo vya harusi. Hospitali yenye jina lake iko katika mtaa wa Kasbah, mtaa ule ule lilimo jumba la baraza la mji.

Wanavyuoni nao wana maneno juu ya jambo hili. Iko habari kwamba Sayyidna Umar alimpa Bibi Shifa binti Abdullah kazi ya kuangalia soko la Madina. Wako walioipokea, kama Ibn Hazm, na wako walioikataa, kama Kadhi Abu Bakr Ibn al-Arabi. Hatutawaamulia, yatosha kujua kwamba suala hili wakubwa wamelijadili kwa adabu kabla yetu.

Nasi tusijifanye wageni wa jambo hili. Mapokezi ya Mombasa yatwambia kwamba kabla ya Shehe Mvita mji huu ulikuwa chini ya Mwana Mkisi. Na Pate katika karne ya 18 ilitawaliwa na Mwana Khadija.

Tuache kiti, tutazame kazi. Mji wa Tunis una watu zaidi ya 600,000, na baada ya mapinduzi malalamiko makubwa ya wenyeji yalikuwa juu ya taka. Bibi Souad alipochaguliwa aliwatunukia ushindi wake wanawake wa Tunisia, akasema litakalotangulia ni kuurudishia mji sura yake. Alilirithi jambo zito, kwa sababu mabaraza ya miji ya nchi hiyo yalikuwa yakipata sehemu ndogo mno ya fedha za serikali, na jalala haliondolewi kwa hotuba. Hata hivyo, sote twaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Basi meya akiufagia mji wake, amefanya ibada ambayo haikuulizwa aliyeishika fagio ni nani.

Na mwisho wake? Hakuondolewa kwa sababu ya uanamke wake, wala kwa kushindwa kura. Mwezi wa Machi 2023, ikisalia miezi michache tu muda wao utimie, Rais Kais Saied aliyavunja mabaraza yote ya miji, yapatayo 350, na mahali pao pakawekwa kamati maalumu zisizochaguliwa na wananchi. Aliyempenda Bibi Souad na aliyemchukia, wote wawili walinyang'anywa kalamu ya kuamua abaki au aende.

Hapa Kenya pia cheo cha meya kilikwisha mwaka wa 2013, tulipoingia katika zama za magavana. Lakini kura ilibaki mikononi mwa wenyeji, na hilo ndilo jambo la kuchungwa. Cheo ni dhamana, na mwenye haki ya kumuuliza mdhamini ni yule aliyempa amana. Watu wa Tunis walibishana nani akae na Rais msikitini usiku mmoja wa mwaka. Mwisho wa yote wakapokonywa siku nyingine zote.